Hanoi au Saigon: mji upi umfaao mwenye siku nne za kutembea na kula Vietnam

Reli ya kutoka Hanoi hadi Saigon ina urefu wa kilomita 1,726, na treni huchukua zaidi ya saa 30. Kwa ndege ni saa mbili na dakika chache tu, lakini ukijumlisha foleni ya uwanjani, teksi na kuhama hoteli, umeshapoteza siku nzima. Mwenye siku nne akijaribu kuibana miji yote miwili, ataonja kila kitu nusunusu. Heri achague mmoja.

Kwanza jina. Mji wa kusini uliitwa rasmi Ho Chi Minh mwaka 1976, na ndilo jina utakaloliona kwenye tiketi ya ndege. Mitaani watu bado wanasema Saigon, hasa wakiitaja katikati ya mji, na makala haya yanafuata desturi hiyo. Tangu Julai 2025 wilaya zake za zamani zimefutwa kiutawala, ila madereva, hoteli na wenyeji wanaendelea kusema "Quận 1" wakimaanisha katikati, na "Quận 5" wakimaanisha upande wa Wachina. Nawe tumia hivyo hivyo.

Vigezo vyenyewe

Watu wengi huhesabu vivutio: huku makumbusho saba, kule sita. Hesabu hiyo haimsaidii mtu, maana kila mji una vya kutosha kwa siku nne na vingine vikabaki. Mambo yanayotofautisha safari nzuri na safari ya kuvumilia ni haya: mwezi unaokwenda, namna unavyotaka kuzunguka, unachokula na usichokula, safari ya siku moja unayoitamani nje ya mji, na mwishowe pesa na usiku. Chakula kimepewa nafasi kubwa hapa kwa sababu ndicho kinachoitofautisha miji hii zaidi, na ndicho kinachowatatiza wasafiri wengi wa kwetu.

Mwezi unaosafiri

Hanoi ina majira manne kamili. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yake mizuri: jua la wastani, anga kavu, na jioni unavaa shati la mikono mirefu bila kutokwa jasho. Desemba hadi Februari ni baridi ya kweli. Mchana hucheza kwenye nyuzi 15 hadi 20, na usiku wa baridi kali hushuka karibu na 10 au chini yake. Gesti nyingi za bei nafuu hazina hita, kwa hiyo baridi unaingia nayo kitandani. Beba koti na soksi. Hewa ya miezi hiyo nayo huwa nzito kwa moshi, jambo la kuzingatia kwa mwenye pumu. Kati ya Februari na Aprili huja manyunyu na unyevu ambao wenyeji wanauita nồm: sakafu inatoka maji, kuta zinalowa, na fulana uliyoifua inaweza kukaa siku tatu bila kukauka. Mei hadi Agosti ni joto la nyuzi 35 na zaidi lenye unyevu, na mvua kubwa.

Saigon ina misimu miwili tu. Kiangazi ni Desemba hadi Aprili, masika ni Mei hadi Novemba, na joto la mchana halitoki sana kati ya nyuzi 31 na 35 mwaka mzima. Aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa hatahitaji kuzoea chochote. Mvua yake aghalabu hushuka alasiri, kwa nguvu, saa moja au mbili, kisha jua linarudi. Panga makumbusho saa za alasiri, matembezi ya nje asubuhi, na mvua haitakuharibia siku. Kinachokera ni barabara kadhaa kujaa maji hadi vifundoni, kwa hiyo vaa ndala, si raba.

Miji yote miwili huganda wakati wa Tết, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na karibu mwisho wa Februari. Kwa siku kadhaa mama ntilie wanarudi vijijini, migahawa inafungwa, na inayobaki wazi huongeza bei. Anayekwenda kwa ajili ya kula asiende wiki hiyo.

Kufika na kuzunguka

Visa haitofautiani. Tangu Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaweza kuomba visa ya mtandaoni ya hadi siku 90, kwa dola 25 kuingia mara moja au dola 50 kuingia mara nyingi. Iombe kwenye tovuti ya serikali yenyewe, ile inayoishia na gov.vn, nyingi zinazotangulia kwenye matokeo ya utafutaji ni za mawakala wanaotoza mara mbili au zaidi. Kosa linalowakwamisha watu uwanjani ni jina: andika majina yote kama yalivyo kwenye mstari wa kwanza kati ya ile miwili ya herufi na alama iliyo chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, bila kuruka la kati. Herufi moja ikipungua, shirika la ndege linaweza kukuzuia kupanda.

Uwanja wa Nội Bài wa Hanoi uko mbali, takriban kilomita 27 kutoka mji mkongwe. Basi la rangi ya chungwa namba 86 hukufikisha katikati kwa dong 45,000 (dong ndiyo sarafu ya Vietnam); gari la Grab ni kama 250,000 hadi 350,000. Tân Sơn Nhất wa Saigon umezingirwa na mji, kilomita saba hivi kutoka Quận 1, na Grab ni kama 100,000 hadi 180,000, ingawa kwenye foleni ya jioni hizo kilomita saba zinaweza kula saa nzima. Uber haipo Vietnam. Pakua Grab, Be au Xanh SM kabla ya kusafiri na uhakikishe namba yako ya simu inapokea ujumbe wa uthibitisho. Laini ya Viettel hushika karibu kila mahali. Ni kampuni ile ile mama ya Halotel ya Tanzania na Lumitel ya Burundi.

Ukishafika, tofauti inakuwa kubwa. Hanoi ni mji wa miguu. Ziwa la Hoàn Kiếm, mji mkongwe, kanisa la Mtakatifu Yosefu, jumba la opera na gereza la Hỏa Lò vyote viko ndani ya mwendo wa dakika 20 hadi 25 kutoka vilipo vingine. Tatizo ni njia za waenda kwa miguu: zimejaa pikipiki zilizoegeshwa na stuli za wauza chakula, kwa hivyo mara nyingi utatembea barabarani. Mwenye kiti cha magurudumu, au mzazi mwenye kigari cha mtoto, atapata taabu sana.

Saigon imetawanyika. Katikati ya Quận 1 njia ni pana na zinatembeleka, ila kwenda Chợ Lớn (ule upande wa Wachina), Quận 4 au upande wa mashariki utahitaji chombo. Treni ya mjini ya laini namba 1, iliyofunguliwa tarehe 22 Desemba 2024, ina vituo 14 kutoka soko la Bến Thành hadi Suối Tiên, na tiketi ni nafuu. Ni safi, ina kiyoyozi, na inaokoa muda ukienda Thảo Điền, mashariki mwa mji. Haifiki uwanja wa ndege wala Chợ Lớn. Treni za mjini za Hanoi zinawafaa zaidi wakazi wa pembeni kuliko mgeni.

Kuvuka barabara ni somo la miji yote miwili. Subiri basi na malori yapite, hayo hayakwepi mtu. Kisha ingia kwenye mkondo wa pikipiki kwa mwendo wa polepole usiobadilika, macho upande zinakotokea. Madereva wanakukadiria kwa hatua zako na kupita mbele au nyuma yako. Wanaogongwa ni wale wanaosita katikati, wanaorudi nyuma ghafla, au wanaokimbia.

Vya kuona

Hanoi ni mji wa tabaka za kale. Mfalme Lý Thái Tổ alihamishia hapa makao yake mwaka 1010, na mabaki ya ngome ya kifalme ya Thăng Long yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2010. Kama una nafasi ya sehemu moja tu, iwe Văn Miếu, hekalu la elimu lililojengwa mwaka 1070. Uani mwake kuna mabamba 82 ya mawe yaliyobebwa na kobe wa mawe, yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani mikuu ya dola kati ya 1442 na 1779. Kiingilio ni dong 70,000. Fika linapofunguliwa asubuhi. Kuanzia saa 4 vikundi vya wahitimu wanaopiga picha hujaza ua wote. Ukitoa noti ya dong 100,000 utaona hekalu hilo hilo nyuma yake.

Kaburi la Ho Chi Minh hufunguliwa asubuhi tu, na Jumatatu na Ijumaa huwa limefungwa. Kila mwaka pia lina kipindi cha kufungwa kwa matengenezo, hivyo ulizia hotelini kabla hujaenda. Funika mabega na magoti, vua kofia, usipige picha ndani, na usitie mikono mfukoni. Walinzi hawana mzaha. Mji mkongwe wenyewe ni onyesho lisilo na tiketi: mitaa mingi ilibeba jina la bidhaa iliyouzwa pale, na baadhi bado inaiuza. Hàng Thiếc wanagonga mabati, Lãn Ông kunanukia mizizi na magome ya dawa, Hàng Mã ni karatasi za matambiko. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku barabara zinazozunguka ziwa hufungwa magari, na familia nzima nzima hutoka kutembea. Panga safari yako iguse mwishoni mwa wiki.

Saigon inaeleza karne mbili za mwisho. Jumba la Uhuru, lililochorwa na msanifu Ngô Viết Thụ na kukamilika mwaka 1966, ndilo ambalo vifaru vya jeshi la kaskazini vilivunja lango lake tarehe 30 Aprili 1975, siku vita vilipoisha. Shuka hadi chini ya ardhi: ramani za vita bado ziko ukutani, redio na simu ziko mezani. Dakika kumi kwa miguu kutoka hapo ni Jumba la Makumbusho ya Mabaki ya Vita, kiingilio dong 40,000, wazi saa 1:30 asubuhi hadi 11:30 jioni. Picha za waathirika wa sumu iliyomwagwa na ndege za Marekani ni nzito mno. Watoto wadogo wabaki uani kwenye vifaru na ndege. Posta Kuu iliyokamilika mwaka 1891 bado inafanya kazi na unaweza kutuma kadi nyumbani. Kanisa la Notre-Dame lililo mbele yake limekuwa kwenye ukarabati tangu 2017, hivyo usilifanye kuwa lengo la safari.

Chợ Lớn inastahili nusu siku: soko la Bình Tây, na hekalu la Thiên Hậu ambako ubani uliosokotwa kama chemchemi unaning'inia darini na kuungua kwa siku kadhaa. Katikati ya mji, mita mia kadhaa kutoka soko la Bến Thành, kuna hekalu la Kihindu la Mariamman, na msikiti wa Đông Du uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu kutoka kusini mwa India. Watu wa mwambao watalielewa haraka jambo hilo: hapa pia bahari ilileta watu.

Chakula

Hanoi hupika vitu vichache na kuvipika kwa ukali. Kibanda kimoja huuza chakula kimoja, pengine kwa vizazi vitatu, na kikiisha wanafunga. Hakuna menyu, unakaa, unaonyesha vidole kwa idadi ya mabakuli, unaletewa. Kwa hiyo saa ni kila kitu. Phở, supu ya tambi, ni ya asubuhi, kuanzia saa 12. Bún chả ni ya mchana, saa 5 hadi saa 8. Ukifika saa 10 jioni mkaa umeshazimwa. Saigon hupika vya kila upande, kuna vya kusini, vya kaskazini vilivyohamia, vya Kichina, vya Kikambodia, na hupika hadi usiku wa manane. Ladha yake inaelekea kwenye sukari na tui la nazi; ya Hanoi inaelekea kwenye chumvi na siki.

Bakuli la phở linaonyesha tofauti hiyo vizuri. Supu hutokana na mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa usiku kucha pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa motoni, mdalasini, karafuu, iliki nyeusi na anisi ya nyota. Mlaji wa pilau atazitambua harufu hizo kabla ya kukaa. Hanoi wanakuletea supu angavu, tambi bapa za mchele, nyama, na vitunguu vya majani. Mezani kuna siki yenye vitunguu saumu, pilipili, na ndimu, pamoja na vipande vya unga wa ngano uliokaangwa viitwavyo quẩy vya kuchovya. Basi. Onja supu kwanza, kisha ongeza siki kijiko kimoja. Ukikamulia ndimu nyingi unaua harufu ya mdalasini waliyoitafuta usiku kucha. Saigon supu ni tamu na nzito zaidi, na bakuli huja na sahani nzima ya majani: rehani, majani marefu ya ngò gai, chipukizi za choroko, ndimu. Chana majani kwa mkono uyatie supu ikiwa bado moto. Chipukizi kama huzitaki mbichi, omba "giá trụng" wakuletee zilizochovywa maji ya moto. Rojo jeusi tamu la soya na pilipili nyekundu vimimine kwenye kisahani uchovye nyama. Wageni wengi huvimwaga bakulini na supu inabadilika kuwa sharubati ya soya.

Vyakula vikuu vya Hanoi: bún chả ni vidonge na vipande vya nyama ya nguruwe vilivyochomwa kwenye mkaa, vikaogeleshwa kwenye mchuzi wa uvuguvugu wa samaki, siki na sukari wenye vipande vya papai bichi. Huliwa na tambi nyeupe na majani. Chả cá ni samaki aliyerowekwa manjano na khulinjani, akamaliziwa kukaangwa mezani kwako kwa kikaango, pamoja na rundo la vitunguu vya majani na shibiti. Mtaa uliokuwa ukiitwa Hàng Sơn ulibadilishwa jina na kuwa Chả Cá kwa sababu yake. Uliza kama wanatumia mafuta ya mimea, maana baadhi ya jikoni za zamani hutumia ya nguruwe. Rojo la zambarau linaloambatana nalo, mắm tôm, ni dagaa-kamba waliochachushwa. Kamulia ndimu, koroga hadi litoe povu, ndipo uonje. Kama harufu imekushinda, omba nước mắm, mchuzi wa samaki.

Vya Saigon: cơm tấm ni wali wa chenga, zile punje zilizovunjika kinuni zilizokuwa chakula cha wasio na uwezo. Sasa mji mzima unaula asubuhi hadi usiku, na chopsi ya nguruwe ya kuchoma, mafuta ya vitunguu vya majani na mchuzi wa samaki uliotiwa sukari. Bánh xèo ni chapati kubwa ya unga wa mchele, manjano na tui, yenye kamba, nguruwe na chipukizi ndani. Inakatwa, inafungwa kwenye jani la saladi, inachovywa. Bò kho ni mchuzi wa ng'ombe wenye karoti na mchaichai unaoliwa na mkate. Kisha kuna ốc, konokono na kome wa kila aina, jioni kwenye mtaa wa Vĩnh Khánh, Quận 4. Uliza bei ya sahani kabla ya kuagiza, kwa sababu vingine hupimwa kwa kilo.

Asiyekula nguruwe ajue mapema kwamba miji yote miwili inapenda sana nyama hiyo, na ubao wa Hanoi huandika "lợn" wakati wa Saigon huandika "heo". Ng'ombe ni bò, kuku gà, samaki cá, kamba tôm. Neno "chay" maana yake hakuna nyama kabisa, na migahawa ya chay imejaa kote, hasa siku ya 1 na ya 15 ya mwezi wa kalenda yao. Nguruwe hujificha kwenye supu ya tambi iitwayo hủ tiếu (mifupa), kwenye pâté ya bánh mì, ule mkate uliojazwa vitu ndani (maini), na kwenye bò lá lốt, nyama ya ng'ombe iliyofungwa majani ambayo mara nyingi huchanganywa mafuta ya nguruwe ili isikauke. Mchuzi wa samaki wenyewe ni samaki na chumvi tu.

Anayetaka halali kamili ataipata kwa urahisi zaidi Saigon: karibu na msikiti wa Đông Du, na kwenye mtaa wa Nguyễn An Ninh ubavuni mwa soko la Bến Thành, wenye migahawa mingi ya chakula cha Kimalaysia na cha Waislamu wa Kicham. Hanoi ina msikiti wa Al-Noor, namba 12 mtaa wa Hàng Lược, ndani ya mji mkongwe, na migahawa michache ya halali, mingi ya Kihindi. Utashiba, ila utakula biriani mara nyingi kuliko ulivyopanga, na kula phở ya halali kutahitaji kutafuta.

Kahawa nayo ina pande mbili. Vietnam hulima zaidi robusta, jamii ile ile ya Kagera na Uganda, yenye kafeini karibu maradufu ya arabika. Hanoi wana kahawa ya yai, iliyobuniwa na Nguyễn Văn Giảng mwaka 1946 maziwa yalipokuwa adimu: kiini cha yai hupigwa na sukari na maziwa mazito hadi kiwe krimu, kikamiminwa juu ya kahawa kali, kikombe kikawekwa ndani ya bakuli la maji moto kisipoe. Mkahawa wa familia yake uko 39 Nguyễn Hữu Huân, ndani ya uchochoro mwembamba. Saigon wana cà phê sữa đá, kahawa inayodondoka kwenye kichujio cha bati kwa dakika nne au tano juu ya maziwa mazito, kisha barafu tele. Usinywe mbili mfululizo kabla hujala.

Kwa tumbo lisilozoea: kula penye foleni ya wenyeji, kwa sababu chakula hakilali. Barafu ya umbo la bomba lenye tundu katikati ni ya kiwandani. Siku ya kwanza acha majani mabichi, uyaanze siku ya pili. Mwenye mzio wa karanga aseme mapema. Hunyunyizwa mwisho kabisa, juu ya karibu kila kitu.

Nje ya mji

Hapa Hanoi imejaliwa. Ghuba ya Hạ Long yenye visiwa vya miamba, urithi wa dunia tangu 1994, iko mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara kuu mpya. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana, lakini kulala melini usiku mmoja ndiko kunakolipa. Julai hadi Septemba mamlaka ya bandari huzuia vyombo kutoka dhoruba inapokaribia, kwa hiyo usiiweke siku ya mwisho ya safari. Ninh Bình, kilomita 95 kusini, ni miamba ile ile ikiwa nchi kavu: mashua za makasia Tràng An kwa saa tatu hivi, na ngazi karibu 500 za Hang Múa, za kupanda kabla ya saa 3 asubuhi jua halijakolea.

Saigon ina mahandaki ya Củ Chi, sehemu ya mtandao uliofikia takriban kilomita 250. Sehemu za kuingilia ni mbili: Bến Đình ni karibu na kumejaa. Bến Dược ni mbali kidogo na kumetulia. Utatambaa umeinama gizani, na milango ya kutokea ipo njiani. Mwenye magoti mabovu au hofu ya sehemu zilizobana atazame kutoka juu. Delta ya Mekong kupitia Mỹ Tho na Bến Tre ni siku moja ya mitumbwi, minazi na peremende za nazi, nayo imepangwa kitalii mno. Delta ya kweli inataka kulala kwenye mji wa Cần Thơ.

Pesa na usiku

Dola moja ni takriban dong 26,000. Bakuli la phở, bún chả au sahani ya cơm tấm ni dong 40,000 hadi 70,000 mahali pa kawaida, bánh mì 20,000 hadi 40,000, kahawa 20,000 hadi 40,000. Kwenye ubao "50k" ni 50,000. Hoteli na bia za Saigon kwenye Quận 1 huzidi kidogo za Hanoi, tofauti isiyofaa kuamua safari. Angalia noti: ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na gizani ndani ya teksi ndipo hubadilishwa. Zitenge mifuko tofauti. Taulo yenye unyevu na karanga zinazowekwa mezani bila kuagizwa hutozwa, usipovigusa hulipi.

Hanoi hulala mapema. Baada ya saa 5 usiku hubaki mtaa wa Tạ Hiện na vibanda vichache. Ulaghai wake ni wa kukubembeleza: mshona viatu anayekuvua kiatu kabla hujakubali, mwenye mabeseni ya matunda anayekutwika mzega upige picha kisha anadai pesa. Sema hapana mara moja na uendelee kutembea. Saigon inakesha, na hatari yake ni simu kunyakuliwa na watu wa pikipiki. Usisimame ukingoni mwa barabara na simu mkononi. Geukia ukuta, soma ramani, iweke ndani.

Chagua kwa hali yako

Unasafiri Oktoba au Novemba, unapenda kutembea kwa miguu, na mandhari ya Hạ Long ndiyo iliyokufanya uitamani Vietnam: Hanoi, usiku tatu mjini na mmoja majini.

Unasafiri Desemba hadi Machi na hupendi baridi: Saigon, bila kusita. Mei hadi Agosti pia Saigon ina nafuu, kwani joto lake ni dogo kuliko la Hanoi na mvua yake ina saa zake.

Familia ya Kiislamu inayotaka kula bila kuuliza kila sahani: Saigon, hoteli iwe kati ya Đông Du na Bến Thành. Mkila samaki na mboga bila wasiwasi, Hanoi inawezekana kwa chả cá, migahawa ya chay na jirani ya Hàng Lược.

Una watoto wadogo: Saigon ina bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1864, njia pana na maduka makubwa yenye vyoo. Hanoi inawafaa watoto wakubwa kidogo, hasa mwishoni mwa wiki kando ya ziwa, na onyesho la vibaraka wa majini la Thăng Long, dakika 50 hivi, linawashika hata wasioelewa lugha.

Mpenda historia ya falme na elimu aende Hanoi. Anayetaka kuelewa vita na mwaka 1975 aende Saigon.

Umekwenda kibiashara, hasa ya korosho: viwanda vingi vya kubangua, vinavyonunua pia korosho ghafi za Tanzania, viko upande wa kusini, kwa hiyo Saigon ndiyo lango lako. Ongeza siku mbili za kula.

Una siku nane au zaidi: kata tiketi ya kuingilia Hanoi na kutokea Saigon. Qatar Airways na Emirates hufika miji yote miwili, na nauli ya namna hiyo mara nyingi haizidi sana ile ya kwenda na kurudi mji mmoja. Anza kaskazini ili koti ulilobeba ulifunge sandukuni mara moja tu.